Leteni Karatasi Chafu Kwanza

(Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha walimu wa hesabu wa JSS, yaani Gredi 7 hadi 9, wa zoni yetu huku Kilifi. Wenzangu kadhaa waliomba niyaandike, nimeyaandika vile yalivyotoka mdomoni, mnisamehe pale niliporuka ruka.)

Hamjambo walimu. Salamu kwa afisa wetu wa mtaala aliyekaa hapa mbele, kwa walimu wakuu waliofika, na kwenu nyinyi mlioacha nguo za kufua na watoto nyumbani mkaja kusikiliza habari ya takwimu siku ya mapumziko, Mungu awalipe maana mwajiri sidhani.

Kabla sijaanza nina swali moja tu, mnijibu kwa kuinua mkono. Nani hapa anasahihisha projekti ya data ya Gredi 7 vizuri, kwa haki na bila upendeleo? ...Naona mikono. Naona, naona, eeh hata mwalimu wangu wa kule pembeni aliyeniambia jana kwa simu kwamba yeye husahihisha saa sita usiku huku anasinzia, naye ameinua. Haya shusheni.

Sasa lile swali mnalionaje? Afisa amekaa hapo anawaangalia, mimi nimeuliza kwa sauti, jibu moja lina sifa na lingine lina aibu, halafu nimebeba vitu vitatu ndani ya swali moja, vizuri, haki, upendeleo, sasa mtu anayekubali kimoja na kukataa kingine ainue mkono nusu? Nimepata asilimia mia moja na data yenyewe haifai hata kufungia karanga. Lakini ningekuwa mwanafunzi wenu ningeenda nyumbani nikachora bagrafu, nguzo moja ndefu ya kijani, nikaandika kichwa kwa felti pen, na nina hakika zaidi ya nusu ya nyinyi mngenipa EE, daraja la juu kabisa. (Walimu wanacheka.) Mnacheka lakini mimi mwenyewe niliitoa hiyo EE, na nitawaambia nilivyoitoa.

Mwaka mmoja niliwapa watoto wangu wa Gredi 7 projekti, kusanya data kwa watu, ichore, uielezee, wiki mbili. Nikafundisha pai chati ubaoni na mfano wa matunda, watu 36, mnajua kwa nini 36, kwa sababu 360 ukigawa kwa 36 unapata 10, kila mtu digrii kumi, raha mustarehe hakuna desimali. Embe 12, ndizi 9, papai 9, chungwa 6. Digrii 120, 90, 90, 60. Kengele ikalia nikaenda zangu.

Kazi zilipokuja kulikuwa na kijana mmoja ameleta pai chati imechapishwa saiba, rangi nne zimeng'aa, imepigwa lamineti kabisa, kichwa "Usafiri wa Kuja Shuleni". Watu 36. Kutembea 12, boda 9, matatu 9, baiskeli 6. Mimi huyu mnayeniona hapa nikaangalia ile chati, nikaona digrii zinajumlika 360 sawasawa, nikaandika EE, na kwa furaha nikaibandika stafurumu. Zile namba zilikuwa zangu! Zilikuwa embe na ndizi zangu zimevaa nguo nyingine zimenirudia mlangoni, nikazikaribisha kama wageni.

Siku hiyo hiyo nilisahihisha karatasi ya binti mmoja. Karatasi ya daftari, ina doa la mchuzi, katikati imetoboka kwa kufutwa futwa. Yeye alikuwa ameuliza maji ya nyumbani yanatoka wapi. Alienda nyumba 40. Nyumba mbili hakukuta mtu, na nyumba moja mama mwenye nyumba alimfukuza akidhani ametumwa na watu wa bili za maji, yote hayo aliyaandika pembeni na penseli. Zikabaki 37. Mferejini 19, kisima 12, mtungi wa mkokoteni 11, tangi la mvua 4. Akagawanya 360 kwa 37 akapata 9.73, akazidisha kila moja kama nilivyomfundisha, akaanza kuchora vipande, na vile vipande vikajaa duara vikapita. Digrii zake zilikuwa kama 447. Akafuta, akarudia, vikapita tena, karatasi ikatoboka. Mimi nikaandika kwa kalamu nyekundu "hesabu haijumliki, rudia", AE, daraja la pili kutoka chini.

Jumlisheni wenyewe hapo mlipokaa. 19 na 12 na 11 na 4, ni 46. Nyumba 37, majibu 46. Huyo mtoto hakukosea kujumlisha, ni kwamba nyumba kadhaa zilimjibu mara mbili kwa sababu huku kwetu mnajua mfereji ukikauka Jumanne mtu anaita mkokoteni, na ukirudi Alhamisi anarudi mferejini. Majibu tisa ya ziada, hizo ndizo habari zenyewe za kazi yake! Kilichokosea ni pai chati, maana pai chati inataka kila mtu awe kwenye kipande kimoja tu, ukimruhusu mtu kujibu mbili duara halitoshi, hapo unatumia bagrafu na mambo yanaisha. Hilo sikumfundisha. Yeye aligundua kitu ambacho mwalimu wake alikuwa hajakifikiria na mwalimu akampa AE.

Na nisijisifu kwamba nilijishtukia mwenyewe, hapana. Siku ya wazazi mama yake alinijia taratibu, akaniambia, "Mwalimu, samahani, ile kazi ya maji mwanangu alipata ngapi? Maana tulizunguka naye nyumba arobaini jua la utosi, mimi nimebeba mdogo wake mgongoni." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarudi kwenye faili, nikamwita binti, nikamwita na yule kijana. Kijana nikamuuliza, uliwauliza lini hawa watu 36? Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, hakuwa hata na uwoga, akasema, "Lakini mwalimu, wewe ulisema tutumie 36."

Basi hapo ndipo nilipobadilisha namna yangu ya kusahihisha hii kazi, na ndicho nilichokuja kuwaambia leo, kwamba tunasahihisha mwisho wa kazi wakati hesabu yenyewe iko mwanzo. Grafu ni sahani. Sisi tunatoa maksi kwa sahani inavyong'aa na hatuonji chakula.

Na uzito wake mnaujua. KJSEA imefanywa mara ya kwanza 2025, na matokeo ya mtoto hayatoki kwa ule mtihani wa Gredi 9 peke yake, huo ni asilimia 60, KPSEA ya Gredi 6 ni asilimia 20, na asilimia 20 nyingine ni tathmini ya shuleni ya Gredi 7 na 8, yaani kalamu yako wewe. Najua sio kila projekti inapakiwa kwa mtandao wa KNEC, baraza letu la mitihani, nyingi zinabaki kwa faili la mtoto zikiliwa na mende, lakini jicho ni lile lile. Ukilizoesha kuangalia rangi litaangalia rangi mpaka siku ile ya maksi zenyewe.

Sasa mimi nafanyaje. Kazi yangu ina maksi 20, halafu ndio nazigeuza kuwa EE, ME, AE, BE, yaani amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Kuchora grafu nimekupa 3. Tatu tu. Zile 17 zingine ziko kwa swali, kwa watu ulioenda kuwauliza, kwa karatasi uliyoandikia majibu, na kwa kile unachoniambia mwishoni. Swali ni 5, ndilo kubwa kuliko yote, na nitakaa hapo kidogo.

Mtoto ananiletea swali kabla hajaenda kumuuliza mtu yeyote. Analeta swali la kwanza alilofikiria, anaenda kulijaribu kwa watu wawili tu, hata kama ni ndugu zake, anarudi na swali la pili alilorekebisha, na zile maksi 5 nazitoa kwa safari ya kutoka la kwanza mpaka la pili. Asiyebadilisha kitu ananieleza kwa nini hakukuwa na haja. Mmoja aliniletea "Je, unakubali simu zinaharibu watoto?" Nikamwambia nenda kajaribu. Akarudi, wote wawili wamesema ndiyo, nikamuuliza ungewauliza nini ili mmoja aweze kusema hapana bila kuonekana mzazi mbaya? Akakaa kama siku mbili na hilo swali, akarudi na "Jana mtoto wako alishika simu kwa dakika ngapi?" Ona hiyo! Maoni yamegeuka namba, ina jana, ina dakika, mtu anaweza kukumbuka. Huyo kwa swali amepata 5 hata kama grafu yake ataichora kwa makaa.

Mwingine anauliza "Unasoma mara nyingi?" na machaguo ni mara nyingi, mara chache, wakati mwingine. Mara nyingi ya nani? Kwa mtoto mmoja mara nyingi ni kila siku, kwa mwenzake ni ile wiki ya mtihani. Na lile kosa la masaa ndilo nalipenda zaidi kwa sababu ni hesabu tupu: saa 0 hadi 1, saa 1 hadi 2, saa 2 hadi 3. Anayesoma saa 2 anakaa wapi? Tutafundisha data ya makundi Gredi 9 na watoto watahangaika na mipaka ya madaraja, na ule mchezo wote umeshachezwa hapa Gredi 7 kwenye hojaji, sisi tukaupita tukikimbilia mkasi na gundi.

Kuna mfano mmoja wa swali zuri ambao kila mtu hapa amewahi kuulizwa. Sensa ya 2019, mliulizwa nini mlangoni? Hamkuulizwa "hapa mnaishi wangapi", maana mtu wa Pwani mwenye nyumba Kilifi na kazi Nairobi na shamba Kaloleni atasema anaishi kotekote na atahesabiwa mara tatu, au asihesabiwe kabisa. Waliuliza ni nani aliyelala hapa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Usiku mmoja, mtu mmoja, kitanda kimoja. Ndipo ikatoka ile 47,564,296. Nawaambia watoto wangu, angalieni ufundi wa hilo swali, nchi nzima imebebwa na neno "alilala".

Na tukiwa hapo kwa sensa, ile ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, lakini mwaka uliofuata waziri wa mipango akasema matokeo ya wilaya nane za kaskazini yamefutwa, Turkana tatu, Mandera tatu, Wajir Mashariki na Lagdera, kwa sababu idadi ilikuwa imepanda kuliko vile uzazi na uhamaji vinavyoweza kueleza, na umri wa watu kwenye karatasi ulikuwa hauendani. Kukawa na kelele, mambo yakafika mpaka mahakamani. Mimi siingii kwenye siasa yake, ninachowaonyesha watoto ni kwamba wale wataalamu hawakuangalia kama jedwali limepigwa mistari vizuri, walirudi nyuma kuuliza hizi namba zimezaliwaje. Basi na sisi tuwarudie hawa wa Gredi 7, namba zako zimezaliwaje?

Watu wa kuuliza nimewapa maksi 4. Hapa nina kisa kifupi. Kikundi kimoja kilichagua kutafiti kuchelewa shuleni, wazo zuri sana, mwalimu mkuu akalipenda. Wakaamua kukusanya data asubuhi paredi, saa moja na nusu, darasa kwa darasa, nani amechelewa wiki hii inua mkono. Wakapata karibu hakuna anayechelewa. Wakaandika ripoti, shule yetu ina nidhamu. Jamani! Wanaochelewa si bado wako njiani? Wako nje ya geti wanasubiri adhabu, wale ndio data! Nilicheka mpaka machozi, halafu nikawaambia sitawapa maksi sasa, nendeni mkaniambie ni nani ambaye hakuwepo mlipokuwa mnauliza. Walirudi na jibu wenyewe, na hiyo wakapata 4 kati ya 4, kwa sababu waliandika ndani ya ripoti kwamba "tulikosea kuuliza paredi". Mimi simkati mtoto maksi kwa kukosea sampuli, namkata kwa kutoona. Mtoto wa miaka kumi na tatu hawezi kupata sampuli ya kitaalamu, hana gari, hana ruhusa ya kuvuka barabara kubwa, atauliza jirani na binamu na wenzake wa dawati. Sawa. Aseme basi, "niliuliza majirani zangu", asiseme "watu wa Kilifi".

Karatasi chafu, 4. Hili jina lilianza kama utani na sasa watoto wenyewe wanaita hivyo, "mwalimu nimeleta karatasi chafu". Ni ile karatasi aliyoshika mkononi alipokuwa akiuliza, yenye tali, vijiti vinne na cha tano kinalalia juu, yenye kufutwa, yenye wino wa bluu hapa na penseli pale kwa sababu kalamu iliisha njiani. Sitaki nakala safi. Bila karatasi chafu sipokei grafu. Na nataka safu ya "hakujibu". Data isiyo na hata mtu mmoja aliyekataa kujibu, au aliyesema niache nina haraka, hiyo hunipa wasiwasi, kama vile namba zote zikiwa 5, 10, 15, 20, au kama watu ni 36 au 40 au 60 sawasawa. Mtoto akiniletea watu 37 moyo wangu unatulia, 37 ni namba mbaya haigawanyiki na chochote, hakuna anayeibuni.

Lakini tahadhari, tusigeuke polisi. Kuna mtoto data yake ni ya kweli kabisa na watu wake ni 40 kwa sababu darasa lao lina watoto 40, na kuna mtoto karatasi yake ni safi kwa sababu mama alimwambia usimpelekee mwalimu uchafu. Usimwite mwongo, muulize. Nani alikuwa mgumu zaidi kumuuliza? Kuna jibu lolote lilikushangaza? Aliyeenda kweli huwezi kumnyamazisha, atakusimulia mbwa, atakusimulia yule mzee aliyemlazimisha anywe chai kwanza. Ambaye hakwenda ataangalia dari.

(Mwalimu mmoja anauliza: na karatasi chafu ikipotea?) Swali zuri, na ndiyo, zinapotea, nimeshaambiwa imeliwa na mbuzi na nilipofuatilia kweli ililiwa na mbuzi. Kwa hiyo siku ile ile anaporudi na data naiona nasaini kwenye kona, sekunde kumi, basi. Mbuzi akila baadaye shauri yake.

Kuchora, zile 3, sina mengi. Mhimili uanze sifuri, maana mtoto akianza 20, nguzo ya 24 itaonekana mara nne ya nguzo ya 21. Kwa piktografu, ile grafu ya picha, aliyetaka kuonyesha mara mbili achore mitungi miwili, asichore mtungi mmoja mkubwa mara mbili kwa urefu na upana, huo umeshakuwa mara nne kwa jicho. Na lebo. Rangi sizihesabu, na hapa naomba niwe mkali kidogo: manila, felti, saiba, lamineti, vyote hivyo ni pesa ya mzazi. Tunaposema "kazi nadhifu" mara nyingi tunasema kazi ya mtoto ambaye nyumbani kuna mia mbili ya ziada. Siku hizi kukusanya data ni nyumbani, kuchora ni darasani mbele yangu, kwa karatasi ya daftari na rula, wote sawa, na ile kesi ya baba kuchora au dada wa chuo kuchora ikaisha yenyewe bila mimi kugombana na mtu.

Zile 4 za mwisho ni kusema inamaanisha nini, na hapa watoto wengi wanakwama ME na ni haki yao, maana wanasoma tu grafu kwa sauti, "watu wengi wanapenda chapati na wachache wanapenda ugali". Hiyo naiona, nina macho. Ninachotafuta ni mtoto anayechagua kati ya wastani, modi (namba inayojirudia zaidi) na namba ya katikati, na kujua kwa nini. Watoto watano walipima dakika za kuja shule, 5, 10, 10, 15 na 60. Wastani ni 20. Hebu niambieni ni nani kati yao anatembea dakika 20? Hakuna. Namba ya katikati ni 10, modi ni 10, na yule wa 60 ndiye ametuharibia wastani, lakini pia yule wa 60 ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye hiyo orodha, ndiye anayeamka saa kumi usiku. Mtoto akiniandikia sentensi kama hiyo, hata kwa Kiswahili kibovu, hata kwa Kigiriama, ni EE.

Kisha kuna ile ya wastani wa vitu visivyo na wastani. Kikundi kiliandika mferejini ni 1, kisima ni 2, mkokoteni ni 3, wakajumlisha wakagawanya, wakaandika kwa ujasiri kabisa "wastani wa maji ni 1.8". Nikawauliza hiyo nukta nane iko wapi, kati ya mfereji na kisima, ni bomba linalovuja? Walicheka wenyewe wakafuta. Sikuwakata hata maksi moja, kicheko kile kilinitosha.

Kitu kingine ambacho hakina maksi lakini kinaweza kurudisha kazi nzima. Mtoto mmoja aliwahi kusimama darasani na hojaji yake akasoma swali, "Nani jana usiku hakula?" na akasubiri mikono. Mnaelewa kilichotokea, kimya, halafu mtoto mmoja akaangaliwa na darasa zima. Tangu siku hiyo maswali ya chakula, mapato, ugonjwa, nani anaishi na nani, ama hayaulizwi ama yanajibiwa kwa kikaratasi kisicho na jina kinachotupwa kwenye kopo. Tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na inataka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto, lakini hata isingekuwepo, huyo mtoto aliyeangaliwa ni wa kwetu. Majina kwenye karatasi chafu hakuna. Namba ya nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, inatosha.

Najua mnachofikiria sasa, muda. Darasa langu lina watoto 62, na vipindi vya hesabu ni vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Nikikaa na kila mtoto dakika tatu ni dakika 186, karibu wiki nzima imekwisha, haiwezekani. Kwa hiyo kazi ni ya vikundi vya watu watano watano, vikundi kumi na viwili, viwili vina mtu mmoja zaidi, kila kikundi dakika sita, dakika 72, vipindi viwili wala havijai. Wengine wanachora wakati mimi naongea na kikundi. Na ile shida ya wawili wamefanya kazi na watatu wameandika majina tu, mimi natatua hivi, kila mtoto ana karatasi chafu yake mwenyewe, swali ni la kikundi lakini watu kila mmoja anawatafuta wake, halafu wanaunganisha. Nikikaa nao namchagua mtoto mmoja yeyote, nampa karatasi ya mwenzake aniambie inasema nini. Hawajui nitamchagua nani, kwa hiyo wanafundishana usiku kucha.

Si kwamba imekuwa peponi. Muhula uliopita nilichoka, nikaruka ile hatua ya kujaribu swali, na kazi zilizokuja zilikuwa takataka, na takataka ile ilikuwa yangu. Na yule binti wa maji, kwa wale wanaotaka kujua, nilimrekebishia ikawa EE na nikamwomba msamaha mbele ya darasa. Aliniambia "sawa mwalimu" kisha akaniuliza kama anaweza kurudi kwa yule mama aliyemfukuza, ile nyumba bado ilikuwa inamuuma kwamba haimo.

Sasa tumalize na data. Kuna vikaratasi vinapita, msiandike jina wala shule, afisa naye apewe chake. Swali limerekebishwa. Kwenye projekti ya mwisho ya data uliyosahihisha, kati ya kazi tano ulizozipa maksi nyingi zaidi, ni ngapi ambazo uliiona karatasi aliyokusanyia majibu? Andika namba kutoka 0 mpaka 5, kunja, weka kwenye hiyo kofia. Kama hujawahi kusahihisha projekti ya data andika "sijawahi", hilo nalo ni jibu. Mwalimu wa mwisho kule nyuma hesabu vikaratasi kabla ya kuvifungua, tuliosaini daftari asubuhi ni 43, tuone vingapi vimerudi, na wale wanne waliotoka kupiga simu wasubirini hapo mlangoni, msiwahesabu kama hawakujibu.